Geti Lililokuwa la Bluu

Jina lake la kuzaliwa watu walishalisahau, na yeye mwenyewe ungemwita kwa jina hilo njiani huenda asingegeuka. Aliitwa Rangi. Mkewe alimwita Rangi, watoto wa majirani walimwita Mzee Rangi, na daktari wa zahanati alipomwandikia dawa ya kikohozi aliandika Bwana Rangi bila hata kuuliza. Kazi yake ilikuwa kupaka kuta, madirisha, mageti, chochote kisichokimbia. Ukimkuta ana nywele za kijani, ujue kuna mtu mtaani kahamia nyumba mpya.

Lakini usidhani sifa yake ilikuwa brashi. Wapaka rangi wako tele, na wengine, tusidanganyane, walimpita. Sifa yake ilikuwa gari la wagonjwa.

Gari lenyewe zamani lilisambaza mikate. Mwenye kiwanda alipofunga biashara aliwaachia watu wa mtaa, nao wakalivua rafu za mikate, wakaweka machela, mtungi wa oksijeni na king'ora kilichokuwa kikilia kama mbuzi aliyekabwa. Hospitali kuu ilikuwa na magari yake, ndiyo, lakini hebu yasubiri hayo na mgonjwa wako mkononi, utajua hujui. Basi watu wakajipanga wenyewe: mpaka rangi, msusi, muuza vipuri, kila mmoja na zamu yake, hakuna anayelipwa. Walifundishwa kufunga jeraha, kumgeuza mtu aliyezimia, kukandamiza kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama. Rangi alikuwa hodari wa vifua. Mikono iliyozoea kusukuma rola darini miaka nenda rudi haichoki upesi, na kuna watu wanatembea leo, wanalalamika bei ya nyanya, kwa sababu ya mikono ile.

Mkewe aliliita gari lile mke mwenzake. Simu ikilia wakati wa chakula, yeye huvuta sahani ya mumewe pembeni, anaifunika, anasema, "Nenda, mwenzangu anakuita. Na umwambie leo akurudishe mapema."

Aliyepokea simu za wagonjwa alikuwa muuguzi mstaafu mwenye mguu mbovu, asiyetoka nyumbani, ambaye kila mtu alimwita Mama Simu. Alikaa sebuleni kwake na simu moja, na mitaa yote ilikuwa kichwani mwake. Mitaa yenyewe haikuwa na namba za nyumba. Ukiuliza mtu anakaa wapi utaambiwa nyuma ya kiwanda cha sabuni, mbele ya kinyozi, na hapo ndipo maelezo yanapoishia. Kwa hiyo Mama Simu aliwaelekeza kwa mageti. "Nendeni geti jeusi lenye simba wawili," atasema. "Wawili! Huyo wa simba mmoja ni mzima wa afya, msije mkambeba."

Sasa, hapo ndipo Rangi alipokuwa na kazi yake ya pili, ambayo hakuna mwingine angeiweza. Kila alipobadilisha rangi ya geti la mteja, kabla hata ya kuosha brashi, alimpigia Mama Simu. "Mama, lile la kijani la mbele ya kinyozi, kuanzia leo ni la kahawia." Naye Mama Simu anajibu, "Limeingia." Limeingia kichwani, yaani, na likishaingia halitoki. Rangi alijisifu kwa jambo hilo kuliko hata vifua. Mtu akimuuliza atasema, bila aibu yoyote, kwamba mtaa mzima hauwezi kubadilika sura yeye asijue.

Kulikuwa na sheria moja Mama Simu aliyoisimamia kwa ukali: hakuna kumtibu mtu wako. Ukikuta aliyelala pale ni mama yako au mwanao, unakaa pembeni, wenzako wanafanya. Rangi alikubaliana nayo kwa mdomo tu. Mtu wake hasa, ukiacha mkewe, alikuwa dada yake. Mama yao alifariki Rangi akiwa bado anakojoa kitandani, na dada, ambaye hata hajamaliza kuzoea ndoa yake, akamchukua akaenda naye kwa mumewe. Shemeji hakuuliza hata siku moja mtoto huyu ataondoka lini. Alikuwa fundi saa, mtu mwembamba, mpole, na alimfundisha Rangi kusoma kwa kutumia vitabu vya maelekezo ya saa za ukutani. Hata Rangi alipokuwa mtu mzima walibaki na utani wao. Rangi alimwita Bwana Dakika, naye shemeji alimwita Bwana Madoa, na dada aliwaambia wote wawili kwamba wangekuwa na akili wangekuwa matajiri.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi ya jua kali, na Rangi hakuwa zamu. Alikuwa juu ya jukwaa la mbao, ghorofa ya nne ya jengo jipya lililojengwa mlimani kidogo, anapaka ukuta wa nje. Ndani ya dirisha lililokuwa bado halina kioo, fundi vigae alikuwa amekaa juu ya mfuko wa saruji, anakunywa chai na kuchelewesha kazi.

Kutoka pale ungeona mitaa yote chini: mabati, kamba za nguo, vichochoro, na mageti ambayo mengi yalipita mikononi mwa Rangi. King'ora kilipolia, alikijua kabla gari halijatokea.

"Hao wangu hao!" akasema, akaweka rola kwenye ndoo. "Njoo uone watu wanavyofanya kazi, wewe wa kukaa."

Fundi vigae akasogea dirishani na kikombe chake. Gari jeupe likatokea pembeni mwa soko.

"Anayeendesha leo ni Breki," Rangi akamwelezea. "Tunamwita hivyo kwa sababu hazigusi. Na nyuma yuko Msusi, yule dada wa saluni. Ana mikono, huyo! Ona, atakata kushoto hapo, kulia kumechimbwa mtaro. Eeh! Nilikwambia!"

"Umekuwa mtangazaji wa mpira," fundi vigae akasema.

"Subiri. Sasa wanakwenda upande wa kiwanda cha sabuni. Kule ni kwa dada yangu. Leo akinipigia atanipa habari yote, nani kaanguka, alikula nini, alikuwa kagombana na nani." Akacheka. Kwa kweli alicheka, na baadaye kicheko hicho kilimchoma kuliko mambo mengi.

Gari likaingia mtaa wa dada. Likapunguza mwendo, jinsi dereva anavyofanya akiwa anatafuta. Likapita geti la kwanza, likapita nyumba ya dada, likapita duka, likaendelea hadi mwisho kabisa wa mtaa, likasimama mbele ya geti la bluu. Msusi akashuka na mkoba wake mgongoni, akagonga.

"Pale?" Rangi akasema. "Pale hakuna mtu. Wenyewe wamesafiri, nimewapakia rangi mwezi juzi wakaondoka. Wamepotea hao."

"Labda wamerudi."

"Hawajarudi. Dada angeniambia." Akakunja uso. "Mama Simu kawaambia geti la kwanza la bluu. Mtaa ule mageti ya bluu ni mawili, hilo na..."

Fundi vigae alisema baadaye kwamba alidhani mwenzake kapigwa na jua, maana midomo ilikuwa inakwenda na sauti haitoki.

Mageti ya bluu yalikuwa mawili. Lile lingine lilikuwa la dada. Na wikiendi iliyopita Rangi alikuwa amekwenda kwa dada yake na kopo lililobaki kazini, akalipaka geti lile rangi ya maziwa, akala, akalala kidogo kwenye mkeka, akarudi nyumbani kwake. Haikuwa kazi. Hakukuwa na mteja. Ilikuwa kwa dada, jambo la nyumbani, na simu ya Mama Simu haikumpitia akilini hata kidogo. Mageti yote aliyowahi kuyabadilisha aliyaripoti, hata la jirani asiyempenda. Hilo moja tu ndilo hakuliripoti.

"Ni kwa dada," akasema. "Mungu wangu, wameitwa kwa dada."

Akatoa simu, vidole vimejaa rangi, kioo hakisikii. Akaifuta kwenye suruali, akampigia dada. Namba inatumika. Akampigia Mama Simu. Namba inatumika. Akaelewa palepale kwa nini: wanaongea wao kwa wao, Mama Simu yuko kwenye laini na dada, anamwambia la kufanya, maana ndivyo afanyavyo mgonjwa akiwa hali mbaya, haachi simu mpaka gari lifike. Na simu ya Mama Simu ni moja. Maana yake Msusi na Breki, wakitaka kuuliza tena nyumba ni ipi, nao wataambiwa inatumika.

Akampigia Breki. Ikaita mpaka ikakatika. Breki akiwa na gari simu yake hukaa kimya chini ya kiti, na Rangi mwenyewe ndiye aliyewahi kumgombeza kuhusu kushika simu barabarani. Akampigia Msusi. Kutoka pale juu alimwona kabisa Msusi akiwa na simu sikioni, anampigia mtu asiyepatikana.

"Nyuma!" Rangi akapiga kelele. "Nyuma! Rudini nyuma! Geti la maziwa!"

Upepo ukaichukua sauti hiyo. Watu wa chini ya jengo wakainua vichwa wakidhani anataka kuanguka, na fundi vigae akamshika mkanda wa suruali kwa mikono miwili, chai ikamwagika yote.

Kule mwisho wa mtaa Breki naye akashuka. Wakashauriana. Wakagonga tena, kisha Breki akaanza kuupanda ukuta. Rangi alijua vizuri wanachofikiri, maana hata yeye angefikiri hivyohivyo: mgonjwa yuko peke yake ndani, ameanguka, hawezi kufungua. Walikuwa wanafanya kila kitu sawasawa. Breki alichanika suruali kwenye vipande vya chupa vilivyopandwa juu ya ukuta, akarukia ndani ya nyumba isiyo na mtu, akamfungulia Msusi, wakaingia mbio wote wawili na machela. Na kwa dada, nyumba chache tu nyuma yao, hakuna aliyetoka getini kupunga kitambaa, kwa kuwa waliokuwamo ni wawili tu, mmoja yuko chini na mwingine hawezi kumwacha.

"Baki hapa upige hizi namba," Rangi akamwambia fundi vigae, akamtupia simu. "Yeyote atakayepokea mwambie geti ni la maziwa. La maziwa! Usiache kupiga."

"Na wewe?"

Rangi alishuka ngazi za jengo bila kuzikanyaga vizuri, akafika chini, akamdaka mwenye pikipiki aliyekuwa amepumzika kivulini. Hata hawakuelewana bei. "Kiwanda cha sabuni, mtu anakufa," akasema, na yule kijana wa watu akawasha.

Njiani, Rangi alisali sala ya ovyo ovyo. Asiwe dada. Halafu akaona haya, maana kama si dada ni shemeji. Akajaribu kusali asiwe shemeji, na hapo sala ikaishiwa na watu. Lori la mchanga lilikuwa linarudi nyuma kwa raha zake barabarani, na mwenye pikipiki akapiga honi, na dereva wa lori akampungia mkono amngoje. Rangi akalia. Alilia kwa hasira, machozi na rangi vikachanganyikana usoni, na hakuna alichoweza kufanya zaidi ya kupiga goti lake kwa ngumi.

Walipofika mtaani akamwambia mwenye pikipiki, "Nishushe hapa. Nenda mwisho kule kwenye geti la bluu, waambie watu wa gari wanakosea, wanifuate," akaruka kabla pikipiki haijasimama.

Geti la dada lilikuwa limerudishwa tu. Mlango wa sebule ulikuwa wazi. Shemeji alikuwa sakafuni, chali, katikati ya meza yake ya kazi na kiti kilichopinduka, saa za watu zimetawanyika, na dada, mtu mzima, magoti yake mabovu, alikuwa amepiga magoti juu ya sakafu anamkandamiza kifua. Simu ilikuwa chini pembeni yake, na sauti ya Mama Simu ilikuwa ikitoka humo. "Usiache, mama. Endelea, endelea. Wako njiani, wanakaribia."

Dada akainua kichwa. Kitambaa kilikuwa kimemdondoka, mate yamemkauka mdomoni.

"Umekuja," akasema. Uso wake ukafunguka wote. "Umekuja, mdogo wangu. Mwenyewe kaja, Mama! Sasa atapona."

Akajiondoa, akampisha, jinsi mtu anavyomwachia fundi kazi.

Rangi akapiga magoti. Akaweka mikono yake juu ya kifua kile, na mikono ikamwambia. Sijui nieleze vipi. Aliyekandamiza vifua vingi anajua kabla ya daktari, na yeye alijua kabla hajakandamiza mara ya kwanza. Midomo ya shemeji ilikuwa imebadilika. Ngozi ilikuwa na ule ubaridi ambao si wa jasho. Akakandamiza hata hivyo. Akakandamiza kwa nguvu zake zote, akasikia mbavu zikilia chini ya viganja vyake, mbavu za mtu aliyemwonyesha herufi ya kwanza, na akawa anasema kimoyomoyo, amka, Bwana Dakika, amka unitukane, na madoa ya rangi yakabaki kwenye shati jeupe la shemeji kila alipoinua mkono.

"Mwone," dada akaiambia simu. "Mwone anavyofanya. Nilikwambia akija huyu atapona."

Ndipo wakaingia Msusi na Breki wanahema, Breki damu inamtoka pajani. Msusi akatazama mara moja tu, akaelewa yote, aliyelala ni nani na anayekandamiza ni nani. Akamshika Rangi bega.

"Kaka Rangi, toka."

"Niache."

"Toka, kaka. Huyu ni wako. Toka nifanye mimi."

Akatolewa. Breki ndiye aliyemwinua, akamsimamisha kwenye korido, akamwegemeza ukutani. Rangi akasimama pale, yeye hodari wa vifua, mikono imening'inia, akasikiliza Msusi akihesabu. Kutoka sebuleni alimsikia dada akiuliza, kwa mshangao hasa, "Mbona mnamtoa? Mbona mnamtoa yeye anayejua?"

Walimbeba. Dada akapanda nyuma, Rangi akakaa mbele kwa Breki. Breki aliendesha vizuri kuliko siku zote, na njiani alisema mara moja tu, "Tulikuta nyumba tupu, kaka. Tumefungua mpaka makabati." Hospitalini daktari wa zamu alifanya yote yanayofanywa. Kisha akatoka, akavua glavu taratibu, na watu wanaolijua gari la wagonjwa wanajua maana ya glavu zinazovuliwa taratibu.

Dada hakupiga kelele. Alikaa kwenye benchi la ukutani, mikono mapajani, viganja vimeelekea juu. Rangi akakaa naye. Wauguzi walipita, na mtu mmoja alikuwa anasukuma ndoo ya kudekia.

"Nilikisikia king'ora," dada akasema.

Rangi hakuinua macho.

"Nilikisikia kinakuja, nikamwambia mume wangu, haya, wamefika, vumilia. Alikuwa bado ananishika mkono wakati ule. Alikuwa ananishika, mdogo wangu. Kisha kikapita. Kikapita hapo nje, kikaenda zake." Akamgeukia. "Wewe unawajua watu wako. Kwa nini walipita?"

Angeweza kusema sijui. Watu wengi wangesema hivyo, na mimi nisingewalaumu. Angeweza kusema walipotea, nalo lingekuwa kweli. Lakini Rangi hakuwahi kumdanganya dada yake tangu siku alipoiba sukari. Tena kulikuwa na jambo jingine ambalo si la sifa: alitaka kuadhibiwa. Alitaka dada anyanyuke ampige kibao mbele ya watu wote wa hospitali, kama zamani, kisha mambo yaishe.

"Ni geti, dada," akasema. "Walikuwa wanatafuta la bluu. Mama Simu analijua kwa bluu. Mimi nilipobadilisha rangi nilipaswa kumwambia, ni kazi yangu kumwambia, na sikumwambia. Ni mimi. Nimemuua mimi."

Akasubiri kibao.

Dada alimtazama kwa muda. Macho yake yalikuwa makavu na yalikuwa mbali, kama mtu anayepiga hesabu kichwani. Kisha akayaondoa kwa Rangi, akayapeleka ukutani.

"Rangi ile niliitaka mimi," akasema.

"Hapana, dada..."

"Niliitaka mimi. Wewe siku ile ya kwanza ulikuja kunisalimia tu. Mimi ndiye niliyekwambia kuna wageni wanakuja, geti limechakaa, unitafutie kopo. Mume wangu aliniambia liache, lina ubaya gani. Nikamwambia wewe huna macho ya kuona. Nilimwambia hivyo, hana macho."

"Dada, nisikilize. Ungepaka hata nyekundu, kama ningepiga simu..."

"Kama nisingelitaka, usingekuwa na simu ya kupiga."

"Dada!"

Hakumsikia. Alikuwa ameshaondoka na jambo lile, amelibeba, na lilikuwa limemkaa mabegani sawasawa. Rangi alimshika mikono, akamtikisa, akarudia, ni mimi, ni mimi, kwa sauti iliyowafanya watu wa benchi jirani wageuke. Akatamani arudishe maneno yake yote tumboni. Alikuwa ametua mzigo wake, na dada akauokota. Mtu aliyemlea, aliyemfulia mashuka yake ya mkojo bila kumtangaza, atalala vipi leo, na kesho, na siku zote zilizobaki? Na hakukuwa na simu ya kupiga, wala gari la kuita, wala kitu chochote cha kukandamiza.

Jioni nyumba ilijaa. Majirani walileta mikeka na viti, wanawake walikaa ndani, wanaume nje, mkewe Rangi alikuwa jikoni anachemsha chai, macho yamemvimba. Msusi alikuja, akamkumbatia dada. Mama Simu, ambaye hakuwa ametoka nyumbani kwake kwa miaka, aliletwa na Breki, akashushwa, akaingia akiburuta mguu wake, akakaa karibu na mlango akilia bila kujificha. Rangi alikaa pembeni mwa dada. Mkewe alikuja kumwita aende kwa wanaume wenzake, lakini Rangi akatikisa kichwa, akabaki palepale.

Watu waliingia mmoja mmoja kutoa pole. Jirani wa kwanza alimshika dada mkono, akasema yale yanayosemwa, kwamba ni mapenzi ya Mungu, kwamba apige moyo konde.

"Gari lilikuja," dada akamwambia, kwa upole kabisa, jinsi unavyomweleza mtu njia. "Lilikuja mapema. Ni mimi niliyebadilisha geti."

Jirani hakuelewa. Akamtazama Rangi.

"Si yeye," Rangi akasema. "Ni mimi. Mimi ndiye niliyesahau."

"Poleni," jirani akasema. "Poleni sana, nyote," akawapisha wengine.

Akaja mama wa duka, na dada akamwambia. Akaja mwenye nyumba ya jirani, na dada akamwambia, maneno yaleyale, hakuongeza wala hakupunguza. Mara ya pili Rangi alijaribu tena kusema ni yeye. Mara ya tatu alifungua mdomo, na watu wakamtazama kwa huruma ile wanayopewa wafiwa wanaosema ovyo, akaufunga. Dada alimpapasa goti. "Nyamaza, mdogo wangu," akamwambia. "Wewe ulifanya kila kitu. Nilikuona mwenyewe."

Mwingine akaingia, akavua viatu mlangoni, akaja akainama, na dada akaanza tena.